Shajara ya mradi: vitufe vya redio kwenye usukani wa Hilux

Jumamosi, 8 Februari 2025

Gari ni Toyota Hilux ya milango minne, ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2015, yenye injini ya dizeli ya lita 2.4 na usukani upande wa kulia. Upande wa kushoto wa usukani kuna vitufe vya kiwandani: viwili vya sauti, viwili vya kusogeza stesheni au wimbo, kimoja cha kubadili chanzo, viwili vya kupokea na kukata simu, na kimoja cha kuamuru kwa mdomo. Mmiliki aliyetangulia aliiondoa redio ya kiwandani akaweka skrini ya kugusa inayotumia Android, na aliyemfungia alizikata waya za vitufe, akazifunga tepu na kuziacha zikining'inia nyuma ya dashibodi. Vitufe vyote vinane vipo, vinawaka usiku, na havifanyi kazi yoyote.

Nina malengo mawili. La kwanza ni kuvirudisha vitufe hivyo kazini. La pili, ambalo ndilo lililonifanya nianze kuandika shajara hii, ni kuvipangia kazi upya kwa namna inayolingana na safari zetu, ikiwa ni pamoja na kuvipa baadhi yake kazi mbili: moja kwa kubonyeza na kuachia, nyingine kwa kushikilia.

Sababu ya kujisumbua ni barabara. Gari hili huenda Ifakara kufuata mpunga, na mara nyingine hupanda hadi Iringa. Njia ya kwanza hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako pundamilia na nyani huvuka wanapotaka; ya pili hupanda mlima wa Kitonga, wenye kona kali, pamoja na malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huenda zaidi ya meta 22 kila sekunde. Skrini ya kugusa haina ukingo wa kupapasa, hivyo dereva anayetaka kupunguza sauti hana budi kuitazama. Akiitazama kwa sekunde mbili, meta 44 za barabara zimepita bila macho yake. Kitufe cha usukani kina ukingo, kina mahali pake, na kidole gumba hukijua kilipo. Ndiyo maana siuchukulii mradi huu kama mapambo ya gari.

Leo nimefanya uamuzi mmoja tu, lakini ndio utakaotawala kazi yote: usukani hautafunguliwa. Nyuma ya kifuniko cha honi kuna eabegi ya dereva, yaani mfuko wa hewa wa kumkinga kwenye ajali, na waya zake, zenye soketi za rangi ya njano, hupita katika kebo ileile ya spairali, iliyoviringwa ili usukani uweze kuzunguka, inayobeba mawasiliano ya vitufe vya redio. Toyota huelekeza kwamba kabla ya kugusa eneo hilo waya hasi ya betri ichomolewe na fundi asubiri angalau sekunde 90, kwa sababu kompyuta ya eabegi hubaki na chaji ya kutosha kuilipua hata betri ikiwa imetoka. Kupima saketi hiyo kwa maltimita ya kawaida ni hatari, kwani mkondo mdogo wa kipimo unaweza kutosha kuiwasha. Tena, kebo ya spairali ikirudishwa bila kuwekwa katikati, huweza kukatika siku usukani unapozungushwa hadi mwisho.

Nilipomweleza fundi umeme wa magari ninayeshirikiana naye hapa Morogoro, alishangaa.

“Mwalimu, usukani wa Hilux naufungua kila wiki. Kwa nini tuuogope huu?”

“Siuogopi, Fundi. Waya zote ninazozihitaji zinatokea nyuma ya redio. Tukiupata ujumbe wa kitufe pale, hatuna cha kutafuta kwenye usukani.”

Alifikiri kidogo, kisha akakubali, ila kwa sharti ambalo nimelipokea kwa shukrani. Alisema nisiridhike na kupima vitufe usukani ukiwa umenyooka. Tutainua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuuzungusha wote, kulia na kushoto, huku kipimo kikiwa kimeunganishwa. Spairali iliyoanza kuchoka hujificha katikati na kujionyesha pembeni.

Jumamosi, 15 Februari

Leo imekuwa siku ya kupima, na ndiyo iliyonifundisha zaidi hadi sasa.

Tulichomoa betri, tukatoa paneli ya katikati na skrini, tukazitafuta waya zilizokatwa. Vitufe vya redio vya Toyota hutumia waya tatu tu. Mbili hubeba ujumbe, na katika michoro ya waya huandikwa SW1 na SW2. Ya tatu, SWG, ni hasi ya pamoja inayorudi redioni. Rangi za waya hatukuziamini, maana gari limepita mikononi mwa mafundi kadhaa. Tulifuatilia kila waya kwa kipimo hadi tukawa na uhakika.

Ndani ya usukani, kila kitufe kimeunganishwa na rezista yenye ukinzani wake. Kitufe kikibonyezwa, ukinzani kati ya waya ya ujumbe na SWG hubadilika, na redio hutambua kitufe kwa kuangalia kiasi hicho. Kwenye SW1, bila kubonyeza kitu, tulisoma karibu kiloomu 100. Kusogeza mbele kulitoa chini ya omu 2, yaani karibu sifuri. Kusogeza nyuma omu 330. Kuongeza sauti omu 1,000. Kupunguza sauti omu 3,110. SW2 ilitoa namba zilezile nne kwa vitufe vinne vilivyobaki, kuanzia kile cha kubadili chanzo hadi cha kuamuru kwa mdomo.

Mtu anaweza kuziona namba hizo kuwa zimeokotwa ovyo. Nilipokaa na karatasi niliona mpangilio wake, na naomba msomaji anivumilie hapa kwa sababu ndipo penye kiini cha mradi. Redio hupeleka volti 5 kwenye waya ya ujumbe kupitia rezista yake ya ndani, kisha husoma volti iliyobaki kwenye waya. Tukichukulia rezista hiyo kuwa ya omu 1,000, kitufe chenye omu sifuri huacha volti 0. Chenye omu 330 huacha volti 1.24, chenye omu 1,000 huacha volti 2.5 kamili, chenye omu 3,110 huacha volti 3.78; na vitufe vyote vikiwa vimeachiwa hubaki karibu volti 5. Yaani sifuri, robo, nusu, robo tatu na nzima. Namba zinazoonekana kutolingana zimechaguliwa ili volti zigawanyike kwa hatua sawa, na kila kitufe kiwe mbali na jirani yake kwa umbali uleule. Nimewafundisha vijana kanuni ya kugawa volti kwa miaka mingi, na sijawahi kuwa na mfano mzuri kuliko huu ulio ndani ya gari langu mwenyewe.

Kisha tulitimiza sharti la fundi. Magurudumu ya mbele yakiwa juu, yeye alishika kitufe cha kusogeza nyuma na kuuzungusha usukani taratibu hadi mwisho wa kila upande, mimi nikiangalia kipimo. Namba ilibaki pale pale kwenye omu 330, bila kuruka. Tulirudia kwa SW2. Spairali ni nzima.

Jumamosi, 22 Februari

Skrini ina waya mbili zilizoandikwa KEY1 na KEY2, pamoja na ukurasa wa mipangilio wa kuifundisha vitufe: unashikilia kitufe cha usukani, unagusa alama ya kazi unayoitaka, na skrini inakumbuka volti iliyoisoma. Nimeunganisha SW1 na KEY1, SW2 na KEY2, na SWG na hasi ya skrini yenyewe.

Kuhusu hiyo SWG nina msimamo mkali. Nimeona magari mengi ambayo waya hiyo imeachwa, na badala yake hasi imechukuliwa kwenye skrubu yoyote ya bodi iliyo karibu. Bodi ya gari hurudisha mkondo wa taa, feni na vifaa vingine vingi, hivyo hasi ya pale na hasi ya redio hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo hubadilika kila kifaa kinapowashwa. Volti inayosomwa hubadilika nayo. Matokeo yake ni kitufe kinachofanya kazi mchana na kukosea usiku taa zikiwaka. Kiwanda kiliweka waya maalumu ya hasi kwa ajili ya vitufe hivi, haifai kuiacha.

Vitufe vyote vinane vimeitikia. Lengo la kwanza limetimia kwa kiwango fulani, na wengi wangeishia hapa. Mimi siwezi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya wazi: skrini hii haitofautishi kubonyeza na kushikilia. Ya pili ilihitaji kipimo ili kuiona. Waya ya KEY1 ikiwa haijaunganishwa na kitu ina volti 3.3, na nilipoiwekea rezista ya omu 1,000 ilishuka hadi volti 0.58. Hesabu inaonyesha kwamba rezista ya ndani ya skrini ni ya kiloomu 4.7 hivi, na wala si omu 1,000 ambayo vitufe vya Toyota vinapatana nayo. Kwa hiyo ule mgawanyo mzuri wa robo umevurugika: volti za vitufe vinne sasa ni 0, 0.22, 0.58 na 1.31, zote zimesongamana chini, huku sehemu kubwa ya juu ikibaki tupu. Kati ya kusogeza mbele na kusogeza nyuma kuna volti 0.22 peke yake. Volti ikiyumba kidogo tu, kwa sababu ya kutu kwenye soketi au vumbi la barabara ya Ifakara kwenye kitufe, kitufe kimoja kinaweza kuanza kusomeka kama kingine. Katika mpangilio wa kiwandani volti iliyopo kati ya vitufe hivyo viwili ni 1.24.

Nadhani hii ndiyo asili ya malalamiko mengi tunayoyasikia, kwamba skrini za kisasa “husahau” vitufe baada ya miezi kadhaa. Kumbukumbu yake ni salama. Kilichobadilika ni volti inayosomwa, na nafasi ya kuvumilia mabadiliko hayo ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Jumamosi, 8 Machi

Ubao wa kati umechorwa. Utakaa kati ya usukani na skrini: utasoma vitufe jinsi Toyota ilivyokusudia visomwe, utaamua dereva anataka nini, kisha utaiambia skrini kwa volti zilizoachana vizuri.

Moyo wake ni Arduino Nano, kibao kidogo cha kupangiwa programu chenye mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya ATmega328P. Upande wa kusoma, kila waya ya ujumbe inapata volti 5 kupitia rezista ya omu 1,000, ili ule mgawanyo wa robo urudi. Kutoka hapo volti inakwenda kwenye mguu wa kusomea wa mikrokontrola kupitia rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 100, ambazo kwa pamoja huchuja mitikisiko ya umeme kwa milisekunde moja hivi na kuulinda mguu. Rezista hiyo ya omu 1,000 ina faida nyingine: kitufe cha sifuri kikibonyezwa hupitisha miliampia 5, kiasi kinachosaidia kuweka sehemu za kugusana katika hali nzuri kuliko mkondo hafifu wa skrini, ambao hauzidi miliampia 0.7.

Upande wa kuiambia skrini nimetumia optokapla (swichi ndogo zinazowashwa kwa mwanga wa ndani) kumi na mbili aina ya PC817, sita kwa KEY1 na sita kwa KEY2. Kila moja ikiwashwa huunganisha waya ya KEY na hasi ya skrini kupitia rezista yake. Transista za kawaida zingetosha, lakini optokapla haziunganishi umeme wa ubao na umeme wa skrini, na baada ya kuona jinsi hasi zinavyoweza kusumbuana nimeona ni gharama ndogo kwa utulivu mkubwa.

Rezista nimezichagua kwa kufuata kanuni ileile ya kiwandani, ila kwa namba za skrini hii: omu 820, kisha kiloomu 1.8, 3.3, 6.8, 12 na 27. Zote ni za kawaida na zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo bila kuagiza nje. Kwa rezista ya ndani ya kiloomu 4.7, zinatoa takribani volti 0.5, 0.9, 1.4, 2.0, 2.4 na 2.8. Umbali mdogo kabisa kati ya jirani na jirani sasa ni volti 0.4, karibu mara mbili ya ule wa mwanzo, ingawa kazi kwenye kila waya zimeongezeka kutoka nne hadi sita. Optokapla yenyewe huongeza sehemu ndogo ya volti inapowaka, lakini kwa kuwa skrini hufundishwa kwa volti halisi, nyongeza hiyo imo ndani ya somo.

Umeme wa ubao unatoka kwenye waya ya ACC, inayopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu, si ile ya moja kwa moja kutoka betri, ili gari likizimwa na ubao uzime. Nimeweka fyuzi ya ampia 1, diodi ya kuzuia miruko ya volti, na kishusha volti kinachotoa volti 5. Hilux ikichaji hufikia volti 14 na zaidi, na baadhi ya vifaa vya mfumo huo vikizimwa ghafla hurudisha mruko mkali kuliko huo. Kuitegemea regyuleta ndogo iliyo juu ya Nano peke yake kungekuwa kuukaribisha moshi.

Jumamosi, 29 Machi

Programu imekamilika kuandikwa, nayo inafanya kazi mezani kwa kutumia rezista badala ya vitufe.

Kigeuzi cha ATmega328P, yaani sehemu inayogeuza volti kuwa namba, husoma volti 0 hadi 5 kama namba 0 hadi 1023. Vitufe vinaangukia karibu na 0, 254, 512 na 774, na vikiwa vimeachiwa 1013. Nimevipa vitufe mipaka yenye mapengo kati yake: 0 hadi 70, 190 hadi 320, 450 hadi 575, 710 hadi 840. Namba inayoangukia kwenye pengo haichukuliwi kuwa kitufe chochote. Kwa maoni yangu ni afadhali kitufe kisichoitika, dereva akabonyeza tena, kuliko kitufe kinachofanya kazi ya mwenzake. Simu inayokatwa wakati dereva alitaka kuipokea ni kero. Sauti inayopanda ghafla wakati alitaka ishuke, akiwa kwenye kona za Kitonga, ni jambo zito zaidi.

Ubao husoma kila baada ya milisekunde 10, na unahitaji masomo matano mfululizo yanayokubaliana kabla ya kuamini kwamba kitufe kimebonyezwa. Milisekunde 50 hazihisiwi na kidole, ila zinatosha kupuuza kuchezacheza kwa kitufe gari linapopita kwenye rasta.

Ugumu wa kweli haukuwa wa umeme. Ni kuamua kitufe kipi kipewe kazi mbili. Kitufe chenye kazi mbili hakiwezi kutenda mara tu kinapobonyezwa, kwa sababu ubao bado haujui kama dereva ataachia au atashikilia. Kazi ya kwanza husubiri hadi kidole kiondoke. Kwa kitufe cha kubadili chanzo, subira hiyo haina madhara. Kwa vitufe vya sauti haikubaliki hata kidogo. Sauti lazima ibadilike papo hapo, na kitufe kikishikiliwa iendelee kubadilika. Kwa hiyo vitufe vya sauti na vya kusogeza vimebaki na kazi moja moja, na cha kupokea simu vilevile, maana hakuna anayepaswa kufikiri pale simu inapoita.

Vimebaki vitatu. Kubadili chanzo kikishikiliwa kinafungua ramani. Kukata simu kikishikiliwa kinanyamazisha sauti yote. Kitufe cha kuamuru kwa mdomo nimekigeuza: kubonyeza kunasimamisha au kuendeleza wimbo, na kushikilia ndiko kunakoita msaidizi wa simu. Jumla ni kazi kumi na moja kwa nafasi kumi na mbili, hivyo moja iko akiba. Muda wa kushikilia nimeuweka milisekunde 600 kwa sasa, na umehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya mikrokontrola ili ubadilishwe bila kuandika programu upya.

Kubonyeza mara mbili haraka nimekukataa. Kungeongeza kazi nyingine, lakini kungelazimisha kila ubonyezaji wa kawaida usubiri kuona kama wa pili unakuja, na kidole kilichovaa glovu au kinachotikiswa na barabara hubonyeza mara mbili bila kukusudia.

Jumamosi, 12 Aprili

Ubao umefungwa garini. Masika yameanza, tukafanya kazi chini ya paa la gereji huku mvua ikinyesha, jambo lililokuwa na faida yake kwani fundi alipata muda wa kufanya viungo vyote bila haraka.

Viungo vyote vimelehemiwa na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Hakuna waya iliyosokotwa na kufungwa tepu. Hanesi, yaani kifurushi cha waya, imezungushiwa tepu ya kitambaa, kwa kuwa gundi ya tepu nyeusi ya plastiki huyeyuka ndani ya dashibodi ya gari linaloshinda juani, ikaacha waya zinazonata na tepu iliyofunguka. Ubao uko ndani ya kiboksi cha plastiki kilichoshikwa kwa skrubu kwenye fremu ya chuma, mbali na njia ya hewa ya moto. Gundi ya bunduki haikutumika popote.

Jambo ambalo fundi alilisisitiza, na ambalo ningemshauri kila mtu alifanye, ni soketi. Ubao unaungwa kwa soketi mbili, moja kutoka usukani na nyingine kwenda skrini, na soketi hizo zimetengenezwa ili ziweze kuungana zenyewe kwa zenyewe. Siku ubao utakapoharibika safarini, dereva atauchomoa, ataunganisha soketi mbili, na vitufe vinane vitarudi kwa njia ya moja kwa moja ya tarehe 22 Februari. Skrini itahitaji kufundishwa upya, ila hakuna waya itakayokatwa. Nilipojaribu, niliweza kufanya hivyo kwa mkono mmoja kupitia upande wa kisanduku cha glovu.

Kufundisha skrini kulikwenda vizuri. Kwa kila kazi nilishikilia kitufe kwa namna yake, nikagusa alama, nikahifadhi. Kwa ajili ya hatua hii programu ina hali maalumu: kitufe cha kupokea simu kikishikiliwa wakati gari linawashwa kwenye ACC, ubao hutoa volti ya kazi iliyochaguliwa mfululizo hadi kitufe kingine kibonyezwe, kwa sababu skrini inahitaji volti iliyotulia kwa sekunde kadhaa ili ijifunze.

Jumamosi, 3 Mei

Gari limekwenda Ifakara na kurudi, na Iringa, mke wangu akiwa dereva sehemu kubwa ya njia. Hakuna kitufe kilichofanya kazi ya mwingine, iwe kwenye lami, kwenye matuta ya vijijini au kwenye vumbi. Niliporudi nilisoma namba za kigeuzi kwa kompyuta: kitufe cha sifuri kilikuwa kinasomeka 2, na cha kupunguza sauti 775. Mipaka iko mbali sana na namba hizo.

Maoni yake yamebadilisha mambo mawili. La kwanza ni muda wa kushikilia. “Baba watoto, hii kimya chako inachelewa,” aliniambia pale Ruaha Mbuyuni. “Nikisimamishwa na trafiki nataka nisikie anachoniuliza tangu neno la kwanza.” Nimeshusha muda kutoka milisekunde 600 hadi 450. Nilijaribu na 350, lakini hapo kubonyeza kwa kawaida kwenye barabara mbaya kulianza kuonekana kama kushikilia.

La pili limetokana na hilohilo. Kunyamazisha sauti ndiyo kazi iliyotumika kuliko zote, kwenye vizuizi, kwenye mizani, wakati wa kuuliza njia, na mtoto anapolala kiti cha nyuma. Kazi inayotumika hivyo haipaswi kudai kushikilia kitufe. Nimeihamishia kwenye kubonyeza kitufe cha kuamuru kwa mdomo, nacho kinatenda mara tu kidole kinapoachia. Kusimamisha wimbo kumekwenda kwenye kushikilia kitufe cha kukata simu. Hakuna waya iliyoguswa kwa mabadiliko haya. Ni mistari miwili ya programu na kuifundisha skrini kazi hizo mbili upya.

Ramani kwenye kitufe cha kubadili chanzo imekubalika mara moja. Vitufe vya kusogeza havikuhitaji maelezo yoyote.

Yaliyobaki ni machache. Nafasi ya kumi na mbili bado ni akiba. Natamani kuipa kamera ya nyuma, ili dereva aweze kuangalia mzigo wa magunia bila kuingiza gia ya kurudi nyuma, lakini kwanza nipime kama skrini inakubali kuonyesha kamera gari likiwa linakwenda mbele. Mchoro wa waya, orodha ya rezista na maelezo ya kuunganisha soketi bila ubao nimeviandika kwenye karatasi moja, nikaiwekea plastiki na kuibandika ndani ya kifuniko cha kisanduku cha glovu, ili fundi yeyote atakayelipokea gari asilazimike kukata waya kutafuta kilichounganishwa na nini. Nakala ya programu iko kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kisanduku hichohicho. Kipimo kinachofuata ni mwezi Agosti, baada ya miezi ya vumbi kuanza, na kitaangalia tena namba ya kitufe cha sifuri kwenye waya zote mbili. Ikipanda kupita 40 nitasafisha soketi kabla haijakaribia mpaka wa 70.